Yaya Fidélie Amkataa Alexandre

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba Alexandre le Grand, yule mfalme wa kale, anakuja kuishi mtaa wa Kikula alikuwa papa Gaston. Alinipa habari hiyo mlangoni pa hospitali, ameshika kichane cha ndizi mbivu za kumpelekea mzazi. Alisema mtoto amezaliwa, ni wa kiume, na jina lake lilishapatikana zamani. Kisha akaniuliza kama shuleni tumefika kwa Alexandre. Nikasema tumefika. Akacheka, akasema basi nikiingia ndani nimsalimu huyo mtoto kwa heshima, maana si wa kuchezewa mashavu.

Papa Gaston ni kaka mkubwa wa Jimmy, na Jimmy ni mume wa dada yangu Fidélie. Kwetu Likasi kaka au dada mkubwa tunamwita yaya. Kwa hiyo humu ndani atakuwa yaya Fidélie, maana sijawahi kumwita vinginevyo na sitaanza leo mbele ya watu.

Naanza na yeye kwa sababu wengi wa mtaa wanasema ugomvi ule uliletwa na Alexandre. Si kweli. Uliletwa na yaya, ambaye tangu zamani ukimwambia hapa hapapitwi, anauliza nani amesema, na huku anauliza ameshapita.

Tulizaliwa mtaa wa Shituru, wawili tu, wasichana wote. Mimi mama Berthe alinizaa wakati wenzake wanabeba wajukuu, ndiyo maana nikitembea na yaya watu hudhani ni mama yangu. Baba yetu aliitwa Dominique. Alifanya kazi kiwandani, upande wa tindikali, na suruali zake zote zilikuwa na matundu madogo madogo kama zimeliwa na panya mwenye adabu. Mama alizitia viraka mpaka ukashindwa kujua kitambaa cha kwanza kilikuwa cha rangi gani. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alitoka asubuhi kwa baiskeli, akarudi jioni kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akatuuliza tumekula nini. Hiyo ndiyo historia yake, na hakuna profesa aliyeiandika.

Mapafu yake yalipochoka, yaya alikuwa darasa la nne la sekondari. Alisema anaacha masomo atafute kazi. Baba akakataa. Yaya akakataa kukataliwa. Akaenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, moulin tunavyoiita sisi, karibu na soko la Kikula. Mwenye mashine akamcheka: mwanamke na mkanda wapi na wapi, mkanda wa moulin ukichomoka kwenye gurudumu unapiga kuliko fimbo ya polisi. Yaya akaomba aachwe asage mpaka umeme ukatike, halafu wazungumze. Basi we fikiria, siku ile, Likasi hii hii, umeme haukukatika mpaka jioni. Alirudi nyumbani mweupe kwa unga hadi kope, na kazi ameipata. Mpaka leo yuko pale. Kelele za mashine zimemfundisha kuongea kwa sauti ya juu, kwa hiyo hata akikuomba chumvi utadhani mnagombana.

Baba alipokufa, wajomba zake walikuja matanga wakiwa wameshapangana nani atachukua nini. Walibishania baiskeli uani, huku waombolezaji wanakunywa chai. Yaya alitoka ndani na kitambaa chake cheusi kichwani, akaipanda baiskeli, akaondoka nayo, akarudi wajomba walipokwisha kupanda gari la kwenda kwao. Baiskeli tunayo.

Huyo ndiye mtu ambaye papa Gaston alitaka kumpangia jina la mtoto.

Sasa lazima nieleze jina ni nini kwetu, maana Alexandre hawezi kueleweka bila hilo. Mtu mnayeitwa naye jina moja ni majina yako, na si mchezo. Mtoto wa kwanza wa yaya anaitwa Orpa, jina la mama mzazi wa Jimmy. Basi Jimmy akitaka kumkemea Orpa, ambaye bado anakula udongo, humwambia, "Mama, tafadhali, acha." Hawezi kumchapa. Atamchapaje mama yake? Na wakubwa wanasema ukibeba jina la mtu unabeba na njia yake: ukali wake, bahati yake, hata magonjwa yake. Ndiyo maana mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wanasema analilia jina, hilo mlilompa silo.

Kanuni nyingine ni kwamba mtoto wa kwanza anapewa jina la upande wa baba, wa pili la upande wa mama. Orpa alikwenda upande wa akina Jimmy. Huyu wa pili alikuwa wetu. Yaya alishamwambia baba, akiwa bado kitandani na pumzi zake za kuhesabu, kwamba atalirudisha jina la Dominique nyumbani. Hakukuwa na mtoto mwingine wa kulirudisha. Mimi ni mwanafunzi, mama amezeeka, na wajomba wa baba tuliwaona siku ya baiskeli. Yaya asipompa mtoto huyu jina hilo, linazimika.

Papa Gaston alikuwa na hoja yake. Alisema kanuni inahesabu wavulana peke yao na wasichana peke yao, huyu ni mvulana wa kwanza, kwa hiyo ni wa kwao. Mama Berthe alisema hajawahi kusikia hesabu kama hiyo tangu azaliwe. Lakini papa Gaston si mtu wa kubishiwa ovyo. Ni mkubwa wa timu ya wachimbaji kule Kambove, ndiye anayeamua nani ashuke shimo gani na nani abaki juu kuosha mawe, na Jimmy alikuwa katika timu yake. Ukimnyima Gaston jina, Jimmy anaweza kukosa shimo. Hilo lilikuwa linajulikana bila kusemwa.

Na Alexandre alimtoa wapi? Kanisani. Wao ni watu wa kanisa la uamsho, sisi ni Wakatoliki, na tangu ndoa kila upande unasema upande wa pili hauombi vizuri. Pasta wao alihubiri juu ya beberu wa kwenye Biblia, aliyetoka machweo ya jua akikimbia bila miguu kugusa ardhi, akamvunja kondoo dume pembe zote mbili. Akaeleza kwamba beberu yule ni mfalme Alexandre. Papa Gaston alitoka pale macho yanang'aa. Tangu siku ile, timu ikikuta jiwe gumu, anawaambia wafikirie beberu.

Siku yaya aliporudi nyumbani na mtoto, aliniita karibu na kitanda.

"Mwadi, weye unasoma," aliniambia, kwa sauti yake ya moulin, mpaka mtoto akashtuka. "Niambie ule muntu alikuwa nani. Lakini usinipambie. Nataka yote, ya muzuri na ya mubaya."

Nilimuuliza mwalimu wetu wa historia, monsieur Placide, ambaye hufurahi ukimuuliza kitu kisichokuwa cha mtihani. Alinieleza wakati wa mapumziko mpaka kengele ikalia, kesho yake tena. Mengine niliyatafuta kwenye simu ya rafiki yangu. Na kila jioni, nikitoka shule, nilipita Kikula kumsimulia yaya huku ananyonyesha.

Niseme ukweli: mimi yule mtu alinishangaza, na bado ananishangaza. Alikuwa mfalme akiwa na miaka ishirini, yaani umri wa vijana wanaokaa hapo kwenye kona wakingoja kuitwa kubeba mizigo. Kulikuwa na farasi aliyewashinda watu wazima wote. Yeye akaona kwamba farasi anaogopa kivuli chake mwenyewe, akamgeuza uso kwenye jua, akampanda. Kulikuwa na mji juu ya kisiwa, umezungukwa na maji na kuta. Hakuwa na meli za kutosha, basi akaamuru watupe mawe na magogo baharini, mwezi baada ya mwezi, mpaka wakaufikia kwa miguu. Nilimwambia yaya hilo bila kukaa. Kwetu tumezungukwa na milima ya mawe yaliyotolewa chini ya ardhi, tunaijua kazi ya kuhamisha mawe, lakini nani aliwahi kufikiria kuitembeza nchi kavu ndani ya bahari?

Yaya alisikiliza, akamhamishia mtoto ziwa la pili. Akauliza mji ulipofikiwa, watu wa ndani walifanywa nini. Nikamwambia wengi waliuawa, waliobaki waliuzwa utumwa. Akauliza na hayo mawe yalibebwa na nani. Nikasema na askari, na watu wa vijiji vya karibu. Akasema sawa, endelea.

Tulibishana hivyo kila jioni. Mimi nilisema huwezi kumpima mtu wa zamani kwa kipimo cha leo. Yeye alisema hampimi, anauliza tu nani anataka kukaa naye nyumba moja. Nilisema hakushindwa vita hata moja. Alisema baba hakushindwa pia, maana hakwenda kumpiga mtu.

Kitovu cha mtoto kilipoanguka, siku ya kumtoa nje ikapangwa. Kabla ya hapo mama na mtoto wanakaa ndani. Siku hiyo baba, au kaka yake mkubwa, anambeba mtoto, anavuka naye kizingiti, analitamka jina mbele ya majirani. Majirani wakilisikia na kupiga vigelegele limekwisha kuwa jina, halirudi ndani tena. Papa Gaston alifika asubuhi amevaa koti la kanisani, na viatu vyake havikuwa na vumbi hata kidogo, jambo ambalo Kikula ni muujiza. Tulikaa chumba cha mbele: yeye, Jimmy, mama Berthe, mimi na yaya na mtoto. Nje wanawake wa avenue, yaani barabara ya pale, walikuwa wameshaanza kukusanyika na wengine wanachungulia bila aibu.

Papa Gaston alisimama akafungua kwa sala, na ndani ya sala akamwingiza Alexandre mara tatu, ili Mungu asisahau. Kisha akaanza kutueleza. Mfalme kijana. Dunia nzima imepiga magoti. Miji ishirini ina jina lake, mmoja uko hapa hapa Afrika, Misri, mpaka leo. Halafu akanigeukia.

"Petite, weye njo muntu ya masomo hapa. Minye nasema bongo?"

Sikuweza kusema amedanganya. Nikasema ni kweli. Na kwa kuwa mdomo wangu haunisikii, nikaongeza habari ya farasi na kivuli. Papa Gaston alipiga paja. Alimwambia Jimmy, umesikia, mtu wa kuogopewa hata na farasi. Yaya alinitazama, lakini hakukasirika. Alikuwa ameniambia nisipambe, hakuniambia nifiche.

Mama Berthe ndiye aliyejibu kuhusu miji. Alikuwa anachambua mchele mapajani, na hakuinua kichwa.

"Hata hii muji yetu, bazungu waliipatia jina ya muntu yabo. Minye nilizaliwa Jadotville. Leo naikala Likasi, na sikuhama."

Jimmy alitaka kucheka akameza. Papa Gaston akasema, na heshima yote kwa bukwe, yaani mama mkwe, hapa tunaongea mambo ya mtoto, siyo ya Wabelgiji.

Mtoto akaanza kulia. Alilia kweli kweli, ngumi zimefungwa. Papa Gaston akainua kidole, akasema mnaona, analilia jina lake, akainama juu yake na kuita Alexandre kwa sauti nene. Mtoto akanyamaza. Hata mimi nikaamini. Kisha tukaelewa kwamba alikuwa anavuta hewa tu, kwa sababu alichokitoa baadaye kilisikika mpaka kwa wanawake wa nje, na mmoja wao akasema huyo hataki.

"Analilia ziwa," yaya akasema. Akampa. Akanyamaza. "Sasa, papa Gaston. Ule muntu yako, kaburi yake iko wapi?"

Papa Gaston hakutegemea swali hilo. Akanitazama mimi. Nikasema haijulikani. Alizikwa Misri, watu walikuwa wakienda kumtazama miaka mingi, halafu kaburi likapotea na mpaka leo halijaonekana.

Mama Berthe aliacha kuchambua. Unapotaka kumpa mtoto jina la marehemu unakwenda kwake, unang'oa majani juu ya kaburi, unamwambia: tumekuletea majina yako, mtunze. Hata watu wa makanisa yote wanafanya. Wanasema tu kwamba walikwenda kusafisha. Sisi tulikuwa tumekwenda kwa baba wiki ile ile. Utamwambiaje mtu asiyekuwa na mahali?

"Sisi ni bantu ya Yesu," papa Gaston akasema. "Hatusemake na bafu, bale benye walikufa."

"Muzuri," yaya akasema. "Basi jina haivutake kintu. Kama haivutake, unaitakia nini? Na kama inavuta, itavuta yote. Alikufa mbali na kwabo, na homa, mbele ya kufika miaka makumi tatu na tatu. Mwadi, mutoto yake alifanyiwa nini?"

Nilisema. Nilitamani nisiseme, kwa sababu mtoto alikuwa pale ananyonya. Mke wake alijifungua baba akiwa amekwisha kufa, mtoto wa kiume, mwenye jina hilo hilo la Alexandre. Wakubwa wa jeshi waligawana nchi. Mtoto alikuzwa kama mfungwa, na alipokaribia kuwa mkubwa wakamuua, yeye na mama yake.

Nje mwanamke mmoja akaguna.

Papa Gaston si mjinga. Alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akasema kila kiti cha enzi kina damu chini, hayo tunajua. Mabaya yatakatwa na maombi, mema yatabaki.

"Utakata na kisu gani?" yaya akamuuliza. "Nyama ni moja."

Basi akamgeukia Jimmy. Aliongea naye polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya paa. Alimkumbusha nani alimtoa kwenye kuosha mawe akamfundisha kushika nyundo. Alimkumbusha kwamba kuna vijana wengi Kambove wanaotaka nafasi yake. Alisema hivyo bila ukali hata kidogo, na ndiyo sababu sote tulielewa.

Jimmy alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Ni mtu mpole, alimpata yaya kwa kuleta mahindi ya kusaga yaleyale mara mbili. Alitazama mikono yake, halafu akanitazama mimi, na swali lake lilinishangaza, maana sikujua kama alikuwa anasikiliza zile jioni nikimsimulia yaya.

"Mwadi, ku ile mto, nani alisema ya kwanza?"

Alikuwa anaulizia mto wa kule India. Askari walikuwa wametembea miaka minane kutoka kwao. Mvua inawanyeshea, nguo zimeoza, na yeye anasema tunavuka, mbele kuna nchi nyingine. Hawakuvuka. Alijifungia hemani, amenuna, akidhani watabembeleza, lakini hawakubembeleza. Nikamwambia Jimmy aliyesimama kwanza kusema inatosha alikuwa mkubwa mmoja wa jeshi, jina lake Koinos.

"Walimufanya nini?"

"Alikufa muda mfupi baadaye," nikasema. "Wanasema ni ugonjwa."

"Munasikia?" papa Gaston akasema. "Njo matunda ya kukatala."

Nilijua Jimmy anafikiria nini, kila mtu alijua. Masika yaliyopita maji yalikuwa yanaingia shimoni, timu ikaomba kupanda juu, papa Gaston akasema wafikirie beberu. Ukuta ulimwangukia Ricky, kijana wa mtaa wa Panda, ukamvunja mguu. Sasa anatembea kama anayepima barabara.

"Na bale benye walinyamaza," yaya akauliza, "bao hawakufa?"

Nikasema walikufa wengi. Wakati wa kurudi aliwapitisha jangwani.

Yaya alijifunga kitenge vizuri, akasimama, akamweka mtoto mikononi mwa Jimmy. Akamwambia mlango ule pale, yeye ndiye baba. Jimmy akaenda mpaka kizingitini. Nikaona wanawake wa nje wanasogea, nikaona mgongo wake. Papa Gaston akasema tu, "Petit, fikiria." Jimmy akasimama pale. Alisimama sana. Mguu mmoja ulikuwa umeinuka kidogo na haukwenda mbele wala haukurudi.

Mimi nilimhurumia. Yaya hakumhurumia, au alimhurumia kwa namna yake.

"Kama kinywa yako ni nzito, leta mutoto."

Alimchukua, akavuka kizingiti yeye mwenyewe, jambo ambalo mama Berthe anasema hajaliona kwa mwanamke yeyote, si Shituru, si Kikula. Juani pale akamwinua mtoto, akawaambia watu wa avenue: huyu ni Dominique, wa Dominique wa Shituru, aliyefanya kazi ya tindikali. Hakushinda vita. Alirudi nyumbani kila jioni. Anayetaka kumtukana mtoto huyu amtukane kwa jina hilo.

Wanawake walitafuta kwanza baba yuko wapi. Kigelegele hakiwezi kupigwa ovyo. Ndipo Jimmy akatoka. Alisimama karibu na mke wake, uso umemwiva, akasema jina lile lile, "Dominique," mara moja, kwa sauti ya kawaida. Vigelegele vikapigwa, mama Berthe akiwa wa kwanza, na mchele wote ukamwagika.

Papa Gaston alivaa koti lake. Alipita katikati yetu, akawaaga wanawake mmoja mmoja kwa adabu, akaondoka. Mchele tuliuokota, tukaupika, tukala bila yeye.

Jumatatu Jimmy alikwenda Kambove akakuta nafasi yake imepewa mwingine. Hakubishana. Alimtafuta Ricky na vijana wengine, wakapata mahali pao, wakaanza kuchimba kuanzia juu kabisa, kwenye majani. Shimo jipya halina kitu kwa muda mrefu, linakula jasho tu. Nyumbani walipunguza nyama, halafu samaki, wakabaki na bukari, yaani ugali, na matembele. Watu walimwambia yaya aende kuomba msamaha. Alijibu kwamba yuko tayari kuomba msamaha kwa lolote isipokuwa jina, wamtajie lolote lingine alilokosa. Hakuna aliyepata. Alirudi kwenye moulin mapema kuliko mama alivyotaka, mtoto mgongoni amezibwa masikio kwa pamba.

Papa Gaston alituma salamu mara nyingi, na kila salamu ilikuwa ya Alexandre. Alexandre anaendeleaje. Mnipigie picha ya Alexandre. Yaya aliwajibu waliotumwa kwamba wamekosea nyumba. Mama mzazi wa akina Jimmy, yule Orpa mkubwa, alikuja kumshika mjukuu, akamwita Dominique bila taabu, akasema majina hayaumi meno. Papa Gaston akabaki peke yake upande wake wa mto.

Basi Jumamosi moja nilikuwa moulin nimempelekea yaya chakula. Foleni ilikuwa ndefu, maana umeme ulikuwa umerudi baada ya kukosekana kutwa nzima, wanawake wa soko lote wamejaa na ndoo zao. Ndipo nikamwona papa Gaston katikati yao, ameshika ndoo ya mahindi. Ana mabinti wakubwa wa kutuma. Kila mtu aliitazama ile ndoo na kuelewa kwamba mahindi ni ya kusingizia.

Alingoja zamu yake. Yaya akaipokea ndoo, akaimimina, akaanza kusaga kana kwamba ni mteja wa kawaida. Mtoto alikuwa macho mgongoni, anachungulia, nywele zimejaa unga. Papa Gaston alimtazama muda mrefu. Mtoto ana paji la uso la akina Jimmy, hilo hakuna wa kubisha.

"Mama Orpa," akasema, "nipatie mutoto nimubebe."

"Mutoto gani?"

Alisema kitu. Midomo ilitembea, lakini mashine ilikuwa inaunguruma, na mimi niliyesimama hatua moja sikupata hata herufi. Yaya akanyoosha mkono akazima. Mkanda ukazunguka taratibu, ukasimama. Foleni ikaanza kulalamika: umeme utakatika, mama, saga, tumengoja tangu asubuhi.

"Sikusikia, papa Gaston," yaya akasema.

Aliwatazama wale wanawake. Walikuwa wanamtazama wote sasa, ndoo vichwani, wengine ni wale wale waliopiga vigelegele. Angeweza kuondoka. Ndoo yake ilikuwa nusu unga, nusu mahindi, angeiacha tu. Nilimwona anafikiria kuiacha.

"Dominique," akasema. "Nipatie Dominique."

Yaya alifungua kitenge. Alimfuta mtoto unga usoni kwa kiganja, akampa. Papa Gaston alimpokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika kitu walichochimba wenyewe, akamsogeza pembeni mbali na mkanda. Sikusikia alimwambia nini, kwa sababu yaya alikuwa ameshawasha.

"Unapenda bunga laini ao ya kukwaruza?" akamuuliza juu ya kelele.

"Laini."

Akakaza chekeche, akamalizia ndoo yake, akaita anayefuata.